Safu ya tatu? Usilipe kwanza, soma hapa

Mleta uzi, umeuliza kama safu ya tatu, upande wa kona ya nne, ni mahali pazuri pa kumkalisha mtoto wa miaka mitano kwenye mbio za pikapu za NASCAR (shirika la mbio za magari la Marekani) pale uwanja wa Texas Motor Speedway, Fort Worth, kwa kuwa umeona tiketi zake ni nafuu kuliko za juu. Ukauliza pia kuhusu maegesho, chakula, dereva wa kushangilia, na kama inawezekana kurudi Houston usiku uleule. Nimesoma mpaka "safu ya tatu" nikasimama hapo hapo, kwa sababu safu ya tatu ni mimi, Juni 2019, pamoja na mke wangu na watoto wawili, tumekaa chini kabisa kama wazee wa kanisa.

Kosa lile sikulifanya bila msaada. Kazini ghalani kulikuwa na bwana mmoja, mzaliwa wa Texas, mwenye kofia ya timu ya mbio ambayo sijawahi kumwona ameivua, naye aliniapia kwamba utamu wa mbio ni kukaa karibu na uzio mpaka unuse mafuta. Nilimwamini kwa sababu ya ile kofia. Miezi kadhaa baadaye, nilipokwenda kumlalamikia, alikiri kwamba yeye mbio huzitazama kwenye runinga na kwamba uwanjani alifika mara moja tu, akiwa na miaka tisa, amebebwa mabegani mwa baba yake. Mabegani! Yaani hata yeye mwenyewe alikuwa juu.

Nami nilikuwa na udhaifu wangu, sikatai. Nimekulia karibu na Nakuru, na Safari Rally ilipopita tulikimbilia kando ya barabara ya vumbi, ambako aliyesimama karibu zaidi ndiye aliyeona zaidi. Kwenye rally hesabu hiyo ni sahihi, kwa maana magari huja moja moja, kila moja likishindana na saa, na likishakupita umelimaliza. Kwenye uwanja wa mviringo pikapu zaidi ya 30 zinashindana kwa wakati mmoja, na jambo unalolifuatilia linaweza kuanzia kona ya kwanza, likapikwa upande wa pili wa uwanja, likaisha kona ya tatu. Wewe wa safu ya tatu utakuwa umetazama ukuta muda wote huo.

Fanya hesabu pamoja nami. Mzunguko mmoja wa Texas ni maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4, na pikapu huumaliza kwa takriban sekunde 30, ambayo ni kama mita 80 kila sekunde. (Ni pikapu, si malori ya mizigo, maana nimeona hapo juu kuna aliyeuliza kama yanabeba kontena: ni magari ya mbio yenye injini ya V8 na sura ya pikapu za barabarani kama Silverado, F-150 au Tundra, na sanduku la nyuma limefunikwa.) Mbele yangu kulikuwa na uzio wa nyaya, nyuma ya uzio ukuta, na ng'ambo ya njia vibanda vya mafundi na magari ya timu yaliyoziba kila kilichokuwa upande wa pili. Kwa hiyo pikapu zilitokea kushoto kwangu kama ukungu wa rangi, zikapasua masikio kwa sekunde mbili tatu, zikapotea kulia, kisha tukakaa karibu nusu dakika tukitazamana. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alinivuta shati akauliza, "Baba, zimeenda wapi?" Nikamwambia zinarudi. Zikarudi, zikaondoka. "Baba, zimeenda wapi tena?" Mbio zilikuwa za mizunguko 167.

Aibu kubwa ilikuja mapema. Tangu mwaka 2017 mbio hizi hugawanywa katika sehemu tatu, na mwisho wa sehemu ya kwanza na ya pili hupeperushwa bendera ya mirabaraba ya kijani na nyeupe, ili kumi bora wapewe pointi, kisha mbio zinaendelea. Mimi sikuwa nikijua hilo, wala sikuwa nikiona nani anamfukuza nani. Nilipoona mirabaraba kwenye skrini kubwa nilisimama, nikapiga makofi, nikamwambia mke wangu afunge vyombo. Tulikuwa tumeshafika kwenye ngazi, tumebeba sanduku la barafu, ndipo mzee mmoja akatuambia kwa upole kwamba bado sehemu mbili. Tukarudi. Cheka, lakini safu ya tatu bado iko kwenye kikapu chako, haiko kwangu.

Na viazi. Nilinunua viazi vya kukaanga, na kila kundi lilipopita vilizidi kunyunyiziwa chembe nyeusi ambazo nilidhani ni pilipili manga, mpaka nilipotafuna moja. Ni mpira wa matairi. Matairi yanachakaa kwenye kona, chembe zinarushwa juu kuelekea ukutani, na aliye karibu na ukuta ni nani? Nilijaribu kupanda juu kutafuta viti vitupu, lakini mama anayelinda ngazi alitazama tiketi zangu, akatabasamu, akanielekeza chini kwa kidole.

Usiku ule alishinda Greg Biffle, bingwa wa mbio hizi za pikapu mwaka 2000, ambaye hakuwa ameendesha pikapu katika mbio hizi tangu 2004, karibu miaka 15. Watu wa juu walikuwa wamesimama wakimfuata kwa macho kona baada ya kona. Mimi niliambiwa na kipaza sauti, tena nilisikia nusu. Nililipa zaidi ya dola 200, tiketi, petroli na vikorokoro vyote, ili nihadithiwe jambo lililotokea mbele yangu.

Mwaka 2023 nilirudi, nikaketi juu, safu ya 40 na kitu, peke yangu kwanza kwa sababu nyumbani hakuna aliyekubali. Ilikuwa kama mtu amewasha taa. Kutoka juu unaona kona zote nne, zenye mwinamo wa digrii 20 upande mmoja na 24 upande mwingine, na unaona kwa nini dereva mmoja anashikilia njia ya chini huku mwingine akipanda karibu na ukuta. Pikapu ina umbo la sanduku, hivyo hutoboa shimo kubwa hewani. Aliye nyuma yake huvutwa na shimo hilo kwenye njia iliyonyooka, lakini akifika kwenye kona hewa ile inamkosa puani na gari linaanza kuteleza kuelekea nje. Unamwona akijaribu, akishindwa, akibadilisha njia, akingoja. Siku hiyo Nick Sanchez aliongoza sehemu kubwa sana ya mbio, kisha mizunguko ikaongezwa, na katika mzunguko wa mwisho waliokuwa mbele wakagongana na Carson Hocevar akachukua ushindi wake wa kwanza. Nililiona lote, tangu wanakaribiana. Nilipiga kelele mpaka nikasahau nina soda mkononi.

Sitaki kukutisha, ila kuna neno moja la usalama. Mwaka 2000, kwenye uwanja wa Daytona kule Florida, katika mbio hizi hizi za pikapu, gari la Geoff Bodine lilirushwa kwenye uzio likawaka moto. Yeye alipona, lakini baadhi ya watazamaji walijeruhiwa. Mwaka 2013, uwanja uleule, katika daraja jingine la mbio, vipande vya gari vilivuka uzio na kujeruhi watu zaidi ya 20. Uzio unafanya kazi yake mara nyingi sana. Hata hivyo sioni sababu ya kuujaribu ukiwa na mtoto wa miaka mitano.

Huyo mtoto mnunulie vizuia kelele vya kufunika masikio yote mawili, vile wanavyovaa mafundi wa ujenzi, uvinunue huko huko Houston wala si getini. Lakini akiwa na vizuia kelele katika safu ya tatu atakuwa tu haoni kitu kwa utulivu zaidi. Safu ya 30 kwenda juu, hata kama ni mbali na mstari wa kumalizia, hata kama inabidi mwende wawili badala ya wanne. Tofauti ya bei uliyoiona si punguzo, ni uwanja wenyewe unakuambia kiti hicho kina thamani gani. Fungua tena ramani ya viti, chagua, kisha uniandikie hapa namba ya safu kabla hujabonyeza kulipa. Niko macho mpaka saa sita usiku.