Maswali ya Wasomaji: Swifti ya Kukunjia Uzi Bila Kuvunja Kibubu

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi hufuma krosheti nyumbani, vitambaa vya viti na kofia za watoto wachanga, na miaka yote nilikuwa nanunua uzi wa madonge tu mjini. Juzi wifi yangu aliyeolewa Nanyuki akaniletea sufu iliyosokotwa kwa mkono, mashada sita, yaani uzi umekuja duara kubwa limepindwa kama kamba. Nikafungua la kwanza nikaanza kufuma hivo hivo, lo, ulinivurugikia nikakaa nao kutwa nzima mpaka magharibi, mwisho nikachukua makasi nikakata. La pili nilimvisha mwanangu mikononi, dakika tano tu mikono imeshuka. Nimeona kwa simu kuna vizungushio waviita swifti, vingine kama mwavuli, vingine vya plastiki, vingine vya mbao, na bei zapishana sana. Nina elfu mbili tu na bado mashada manne. Ninunue ipi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam mamangu, na pole sana na hilo shada la kwanza. Nakuomba usikate tena, sufu ya mkono ni jasho la mtu, kuna mama ameiosha akaichambua akaisokota mpaka ikawa uzi. Na alikuletea shada kwa sababu uzi wa sufu ukikaa miezi kwenye donge lililokazwa huvutika ukachoka, kwenye shada unapumzika. Kwa hivyo kaa na mashada yako hivo hivo, ukunje donge lile tu unalotaka kufuma wiki hii.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi, pima vitu viwili. Cha kwanza shada lenyewe. Lifungue msokoto, lilaze kitandani linyooke bila kulikaza, upime kwa tepu toka mwisho huu mpaka ule. Ukipata sentimita 75 basi mzunguko wake ni 150, unazidisha mara mbili tu. Mashada mengi ya dukani huwa kati ya 140 na 180 hivi, lakini ya mkono hutegemea kile alichozungushia msokotaji, nimeshaona la 110. Kuna vile vizungushio vidogo vya plastiki vya kuweka mezani, ukiangalia picha waona vizuri kabisa, kumbe vikifunguka vyote havifiki hata 130, shada linaning'inia kama gauni la kuazima. Kwa hivyo muuzaji asipoandika kipimo muulize, asipojua achana naye.

Cha pili ni meza yako. Swifti za mwavuli, ambazo watu wa Uswidi na nchi za kule ndio wamezitumia miaka mingi, haziwi na miguu, zinabanwa ukingoni mwa meza kwa klampu. Nenda kaiangalie meza yako sasa hivi. Meza zetu nyingi za sebuleni zina ukingo mnene wa kuchongwa, au chini ya ukingo kuna ubao umesimama unaozuia klampu isiingie. Meza ya plastiki nayo yapinda ukiikaza. Pima unene wa ukingo, kisha uulize klampu yafunguka sentimita ngapi.

Mimi haya nimeyajua kwa kuumia. Nilinunua mwavuli wa chuma onlaini, duka silitaji, ule wenye mbavu nyembamba zilizovishwa plastiki. Ulifika vizuri, ukafunguka vizuri, miezi mitatu raha tu. Halafu ikaja mvua ya Mei na ile hewa ya chumvi ya kwetu, na zile ncha ambapo plastiki imeisha na mbavu zashikana kwa pini ndogo zikaanza kutu, mimi sijaona. Nikaweka pamba nyeupe ya shali ya mtoto wa jirani yangu, anatimiza arubaini Ijumaa ile. Nilipomaliza kukunja nikaona alama za kahawia zimejipanga, kila baada ya mkono mmoja alama, mkono mmoja alama. Niliosha kwa ndimu na chumvi nikaanika juani, zikafifia lakini hazikutoka. Shali ile niliifuma upya kwa uzi mwingine na wallahi nililala saa tisa usiku.

Mwavuli wa mbao hauna shida hiyo ya kutu lakini una yake, mbao huvimba wakati wa mvua na ile shingo inayopanda na kushuka inakwama, na ukiilazimisha mbavu zavunjika maana ni nyembamba kama njiti. Sisemi ni mbaya. Mtu anayekunja uzi kila wiki, ana meza nzuri na mfuko wake waruhusu, mwavuli mzuri wa mbao wafunguka kwa kipimo chochote na ukimaliza waukunja waweka kabatini. Lakini wa bei ya chini, tena wa kuletwa kutoka mbali hujaushika kwa mkono wako, mimi sikushauri.

Kwa elfu mbili na mashada manne nakwambia nenda kwa fundi seremala wa mtaani akutengenezee ile ya msalaba. Huko Marekani wanaiita ya Kiamishi, ni mbao mbili zimekatizana juu ya kibao, zina matundu, na kwenye matundu wachomeka vijiti vinne. Ndio hiyo tu. Haina klampu, yakaa popote, hata chini mkekani na wewe umekaa zako kama unakuna nazi. Fundi akiwa na vipande vya saiprasi vilivyobaki kwenye kazi ya mtu basi mbao ni kidogo sana, utamlipa zaidi kwa kazi. Elewaneni bei kabla hajashika msumeno.

Mwambie hivi. Mbao mbili za urefu wa sentimita 70, upana 5, unene 2. Katikati ya kila moja tundu la bolti. Kisha kila upande, kuanzia sentimita 18 kutoka katikati mpaka 33, atoboe tundu kila baada ya sentimita mbili na nusu, yanakuwa saba kila upande. Hesabu yake ni rahisi, umbali wa kijiti kutoka katikati zidisha kwa 5.66 wapata mzunguko wa shada. Yaani shada la 150 vijiti vikae kama 26 na nusu, la 120 vikae 21, la 180 vikae kama 32. Tundu lisipoangukia sawasawa usihangaike, sogeza vijiti vya ubao mmoja peke yake, ule mwingine uache, shada litakaa tu. Vijiti vyenyewe akate mpini wa fagio vipande vinne vya sentimita 15, avichonge kidogo chini viingie tunduni kwa kukaza. Kibao cha chini kiwe kizito, 30 kwa 30, kikiwa chepesi msalaba ukianza kuzunguka chote chatembea.

Kati ya mbao na mbao, na kati ya mbao na kibao, aweke washa, vile viduara bapa vyenye tundu katikati, apake nta ya mshumaa. Na usimwache atie beringi hata akikushawishi! Mafundi wapenda beringi. Swifti inayozunguka kwa wepesi sana ni balaa, wewe umesimama kufungua fundo yenyewe bado yakwenda, uzi wamwagika na kujizonga kwenye bolti. Wataka izunguke ukiivuta na isimame ukiacha. Nati mbili zikabane pale juu ili isijikaze wala kujilegeza yenyewe.

Halafu msasa. Hapa ndipo usimwonee fundi haya. Apige msasa namba 120 kisha 240, vijiti na mbao zote, na siku ya kwenda kuchukua beba soksi kuukuu ya nailoni, ivae mkononi kama glavu uipitishe taratibu kila mahali, hasa ncha za vijiti na midomo ya matundu. Ikishika hata mahali pamoja, mrudishie papo hapo. Panaposhika soksi patashika sufu yako. Na asipake vanishi siku hiyo hiyo akakupa, harufu yaingia kwenye uzi na yakaa wiki, mimi yangu haina vanishi kabisa na mwaka wa nne huu.

Ukifika nayo nyumbani, anza na vijiti karibu na katikati, valisha shada likiwa bado limefungwa vile vikamba vyake, usifungue kwanza. Kisha sogeza vijiti nje mpaka shada lisimame bila kulegea na bila kukazika. Lipige pige kwa vidole nyuzi zijipange, hakikisha hakuna kundi lililojisokota juu ya lingine. Hapo ndipo ufungue vikamba kimoja kimoja, na ncha mbili za uzi kwa kawaida zimefungwa pamoja na kimojawapo. Vuta ile ncha inayotoka juu kwa nje. Ikikugomea kila mzunguko, yaani kila saa yapita chini ya nyuzi nyingine, jaribu ncha ile nyingine, mara nyingi inakubali. Isipokubali toa shada lote uligeuze chini juu. Usivute kwa nguvu, fundo la sufu ukilivuta ndio umelizika.

SWALI: Dada mimi tayari nina swifti nilipewa zawadi, je ni lazima ninunue na ile mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotoa donge? (Mfumaji, Likoni)

JIBU: Si lazima hata kidogo. Chukua mwiko, shika upande wa kichwa, zungushia uzi kwenye mpini kwa mshazari huku ukigeuza mwiko kidogo kidogo, donge linajijenga lenyewe, na ile ncha ya mwanzo uliyoifunga juu ya mpini ndiyo utakayofumia, yatoka katikati na donge halikimbii chini ya kochi. Uzungushe kwa ulegevu, kidole gumba kikiwa ndani ya mizunguko. Mashine ni nzuri kwa mwenye kazi nyingi lakini zile za bei nafuu gia zake ni za plastiki na nyingi hubeba gramu 100 hivi, ukizidisha donge lamwagika pembeni. Ukija kuinunua, weka swifti yako mbali nayo kama hatua moja, uzi usiingie kwa kukazika.

SWALI: Naona masweta ya mitumba Kongowea yana uzi mzuri kuliko wa dukani, pamba kabisa, na bei ya sweta ni chini ya donge mbili. Naweza kufumua nikatumia? Uzi wake unakuja umejikunja kama tambi. (Kijana anayejifunza, Changamwe)

JIBU: Mwanangu umenifurahisha, na wala hukuanza wewe. Mreno Duarte Barbosa aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba watu wa Sofala, huko Msumbiji ya leo, walikuwa wakichukua vitambaa vya rangi vya Cambay, mji wa bandari huko Gujarati, India, wakavifumua, na nyuzi zile wakazifuma tena pamoja na pamba yao nyeupe kwa sababu wao hawakuwa na rangi. Kazi ya kufumua pwani hii ni ya zamani.

Ila chagua sweta kwa macho. Ligeuze ndani nje pale sokoni, angalia mshono wa ubavuni. Ukiona mshono wa mnyororo, vipande viwili vimeunganishwa na kila kimoja kina ukingo wake mzima, nunua. Ukiona umepigwa ovaloki, ule wa zigizaga nyuzi nyingi na kitambaa kimekatwa, liache hata likiwa zuri vipi, maana kila mstari umekatwa na utapata vipande elfu moja vya urefu wa mkono. Na sufu iliyoshikamana kwa kuoshwa na maji moto nayo haifumuki.

Fumua ukianzia juu penye shingo, uzi uzungushie mgongo wa kiti, au pindua stuli miguu juu uzungushie miguu yote minne. Ukimaliza funga kwa vipande vya uzi mahali panne, usikaze, vikamba vikatize katikati ya shada kama nane. Ndio utoe uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo nusu saa, usisugue. Kamulia kwenye taulo, tundika kivulini kwenye hanga. Pamba ikilowa ni nzito kwa hivyo usining'inize kitu chini, sufu waweza kutundika kikombe chepesi kuinyoosha. Wakati wa mvua hapa kwetu linaweza kuchukua siku mbili, na usiliweke kwenye swifti likiwa na unyevu hata kidogo, litakauka limekazika kwenye vijiti na ule uzi wa ndani ya donge utanuka. Lishike ukingoni kabla, pale penye vikamba, ndipo panapochelewa kukauka.