Swali Moja kwa Asubuhi Moja: Nilivyojipangia Mazoezi ya Kuchora

Kwa miaka miwili nilijiita mtu anayejifunza kuchora, ilhali kazi niliyoifanya kwa bidii hasa ilikuwa kununua vifaa na kutazama video za watu wengine wakichora. Nilikuwa na seti ya penseli 12, daftari lenye jalada gumu ambalo niliogopa kulichafua, na ratiba niliyoibandika ukutani iliyonitaka nichore kila siku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 5. Ratiba hiyo ilidumu siku 9. Niliiandika upya mara nne, kila mara kwa kalamu ya rangi nyingine, na kila mara ilikufa kabla ya mwezi kuisha, nami nikabaki nikijilaumu kwamba sina nidhamu au sikuzaliwa na kipaji.

Leo naona kwamba kosa halikuwa la nidhamu wala la kipaji. Mimi ni mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi Temeke, na mtu anayeshinda akijumlisha tarakimu, kisha akasimama saa nzima kwenye daladala iliyojaa, hufika nyumbani akiwa na macho yasiyotaka kutazama kitu chochote kwa makini. Kuchora ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya mkono. Nilikuwa nimeyatengea mazoezi sehemu ya siku ambayo macho yangu yalikuwa yamekwisha kutumika, na juu ya hayo umeme ulikuwa ukikatika siku nilizokuwa na ari kuliko zote.

Nilihamia asubuhi. Sikuandika saa yoyote ukutani, bali niliyafunga mazoezi kwenye jambo ambalo halijawahi kukosekana nyumbani kwetu, yaani kubandika chai. Birika likishapanda jikoni, mimi hukaa mezani, na nikishainuka pale huwa ni wakati wa kuoga na kuondoka. Kati ya mambo hayo mawili kuna dakika 40 hivi. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati ambayo wachoraji wa nchi za kaskazini hawana: hapa Dar es Salaam saa ya kuchomoza jua haibadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo anayeketi karibu na dirisha la mashariki hupata mwanga wa ubavuni, ulio mzuri kuliko wote kwa kujifunza vivuli, mwezi wa Januari kama mwezi wa Julai. Usiku kabla ya kulala huacha karatasi mezani, penseli ikiwa imechongwa, na kitu cha kuchora kikiwa kimewekwa mahali pake. Hatua hii inaonekana ndogo mno, lakini siku nilizoiacha nilipoteza robo saa nikitafuta kichongeo, na robo saa nyingine nikijiuliza nichore nini.

Swali hilo la kuchora nini ndilo lililoniharibia mazoezi kuliko uchovu. Zamani Jumatatu nilichora uso, Jumanne mkono, Jumatano gari, Alhamisi simba niliyemwona kwenye picha, na Ijumaa nikarudia uso kwa kuwa ule wa Jumatatu ulikuwa umepinda. Nilijifariji kwamba haba na haba hujaza kibaba, nikasahau kwamba kibaba changu nilikuwa nakitia haba moja ya mchele, nyingine ya mchanga, nyingine ya maharage. Hakuna siku iliyoijenga siku iliyofuata. Kosa la Jumatatu halikupata nafasi ya kurekebishwa Jumanne, kwa sababu Jumanne lilikuwa kosa jingine kabisa.

Nikaamua kuchora kitu kimoja kwa mwezi mzima, nikachagua mbuzi ya kukunia nazi ya mama yangu. Sikuichagua kwa uzuri wake. Niliichagua kwa sababu haitembei, haichoki kukaa mkao mmoja, na haina uso wa kumdanganya mchoraji. Mwanafunzi anayechora uso hukimbilia kuchora macho na midomo kama anavyovifahamu kichwani, si kama vilivyo mbele yake, lakini hakuna mtu aliyewahi kukariri sura ya mbuzi ya nazi. Ni mbao zinazopishana kama mkasi na ulimi wa chuma wenye meno uliochomoza mbele. Ukiikunjua na kuiweka kiupande, kila mbao inakwenda na mwinamo wake, na ukikosea mwinamo mmoja tu yote inaonekana imevunjika.

Kila asubuhi nilikuwa na swali moja tu. Katika juma la kwanza swali lilikuwa la miinamo: mbao hii imelala kiasi gani ikilinganishwa na mstari uliosimama wima? Nilinyoosha mkono hadi kiwiko kikakaza, nikafumba jicho moja, nikalaza penseli hewani sambamba na mbao, kisha nikaishusha juu ya karatasi bila kuigeuza. Kwa njia hiyo hiyo nilipima urefu, nikihesabu ulimi wa chuma unaingia mara ngapi katika urefu wa kikalio. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo vipimo vyote huharibika, na mimi nilikikunja siku tatu mfululizo bila kujua.

Juma la pili niliacha kuichora mbuzi yenyewe, nikachora nafasi tupu zilizo kati ya miguu yake. Miguu inapopishana hubakisha pembetatu za hewa, na pembetatu hizo ni rahisi kuzitazama kwa haki kwa kuwa hazina jina. Nilipozipata sawasawa miguu ilijitokeza yenyewe katikati yake, tena imenyooka kuliko nilivyowahi kuichora. Ningeulizwa nibakize zoezi moja tu katika yote niliyoyafanya, ningebakiza hili.

Ilikuwa mwishoni mwa juma hilo mama alipopita na sahani ya mihogo, akainama kuutazama mchoro wa siku hiyo niliokuwa nimeuridhia sana. Akasema, "Mwanangu, mbuzi hii mtu akiikalia itamwangusha." Nikamwambia kwamba ni mchoro tu. Akajibu kwamba mguu wa nyuma nimeuishilizia hewani, haufiki sakafuni. Alikuwa sahihi. Katika michoro ya siku za nyuma miguu yangu yote ilikuwa imeishia kwenye mstari mmoja ulionyooka karatasini, ilhali mguu ulio mbali zaidi na mtazamaji huonekana ukigusa sakafu juu kidogo ya ule ulio karibu, na siku hiyo, nikijaribu kulisahihisha jambo hilo kwa kukisia, niliupandisha kiasi cha kuuning'iniza. Sijui ni mwalimu gani wa kulipwa angeliona kosa lile kwa haraka namna hiyo. Nilikuwa nimewahi kulipia kozi ya mtandaoni ambayo mwalimu wake aliandika neno "safi" chini ya kila mchoro niliompelekea. Mama hajawahi kuchora, lakini ameikalia mbuzi ile kwa miaka mingi. Tangu hapo nashauri kila anayeanza achague kitu ambacho kuna mtu nyumbani anakitumia kila siku, kisha amwulize mtu huyo kama kitu kilichochorwa kingefanya kazi yake.

Juma la tatu swali lilihamia kwenye vivuli. Mwanga wa asubuhi husogea upesi, na kivuli nilichoanza kukipaka huwa kimehama kabla sijamaliza, hivyo nilijifunza kuanza kwa kuchora mpaka wa kivuli kwa mstari mwepesi katika dakika za mwanzo, kisha kuuamini mpaka huo hata jua likiushawishi mkono ufuate mwingine. Mchoro unaofuata jua huishia kuwa na majua mawili.

Kuhusu mgawanyo wa zile dakika 40 sina mengi ya kusema. Dakika 5 za kwanza ni za kuupasha mkono moto kwa mistari mirefu na maduara, mkono ukizungushwa kutoka begani badala ya kifundo, kwa kuwa kifundo hutoa mistari mifupi yenye manyoya. Dakika 25 ni za swali la siku. Zilizobaki ni za kuchora chochote ninachokipenda, kibaya au kizuri, bila kupima. Niliwahi kuziondoa hizi za mwisho nikidhani ni za kitoto, na ndani ya wiki mbili nikaanza kuliona dirisha lile kama dawati la kazini. Mtu aliyeanza kuchora kwa kupenda kuchora paka hana budi kumwacha paka aingie walau mara moja kwa siku.

Nyongeza ya pekee ni ile ya kituoni. Ninaposubiri daladala huwa na kijidaftari cha mfukoni, nami hujipa nusu dakika kwa kila mtu: mstari wa mgongo, uzito umeegemea mguu gani, kichwa kimeinamia wapi. Sichori nyuso za watu nisiowajua, maana si adabu na watu hawapendi, bali migongo, mikono iliyoshika vyuma, na mama aliyejitwisha ndoo ambaye shingo yake inabaki wima wakati kiuno kinayumba. Michoro hii ni mibaya karibu yote. Kazi yake ni kuuzoesha mkono kuamua haraka, jambo ambalo mezani huwa naliahirisha kwa kufuta na kufuta tena.

Watu huniuliza kama ni haramu kunakili kazi za wengine. Hapa kwetu jibu limekuwepo muda mrefu. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alianza miaka ya mwisho ya 1960 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zing'aazo juu ya vipande vya mbao nyembamba za kushindiliwa (hardboard), na waliojifunza kwake walijifunza kwa kukaa karibu naye na kurudia. Ukienda leo kwenye karakana za wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, utawaona wakirudia twiga au tausi yule yule hadi mkono unakwenda bila kusita. Kunakili kwa namna hiyo kunafundisha mkono. Lakini kunakili picha kutoka kwenye simu asubuhi zote, kama nilivyofanya mwaka wangu wa kwanza, kulininyima zoezi gumu kuliko yote, yaani kukigeuza kitu chenye unene kuwa mistari juu ya karatasi bapa. Kamera ilikuwa imeshanifanyia kazi hiyo.

Mwisho wa kila zoezi huandika tarehe nyuma ya karatasi na sentensi moja kuhusu kilichonishinda, kwa mfano "kikalio kimekuwa kirefu mno" au "kivuli cha ulimi ni cheusi kuliko chuma chenyewe." Sentensi hiyo ndiyo swali la kesho. Kisha naiweka karatasi kwenye bahasha ya kaki bila kuilinganisha na ya jana, kwa sababu tofauti ya siku moja ni bahati tu, na anayejipima kila siku atakata tamaa siku ambayo hakulala vizuri. Bahasha huifungua baada ya siku 30.

Kisha kuna siku zinazopotea. Malaria ilinilaza siku 11 katikati ya mwezi wa pili, na nilipopona nilitaka kuzifidia kwa kuchora saa mbili kila asubuhi. Nilichora hivyo mara moja, nikaichukia meza. Sasa siku iliyopotea naihesabu kuwa imepotea, na siku ya kurudi najipa dakika 10 tu, hata nikiwa na hamu ya zaidi, ili hamu hiyo inisubiri kesho yake.

Vifaa ni habari fupi. Penseli mbili zinatosha, HB, yenye ugumu wa kati, kwa mistari na 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, kwa vivuli, pamoja na karatasi za kawaida za A4, hata zile zilizochapwa upande mmoja ambazo ofisini kwetu zilikuwa zikitupwa. Daftari langu la jalada gumu bado ni jeupe.

Mbuzi niliiacha siku ya 34, si kwa sababu niliimudu, bali kwa sababu kwa asubuhi nne mfululizo sikuwa na sentensi ya kuandika nyuma ya karatasi. Nilihamia kwenye kifuu cha nazi kilicholala mezani, nikidhani ni mapumziko. Mdomo wake ni duara, lakini ukikitazama kwa chini zaidi hubanana, usawa wa macho yako unapoukaribia huwa karibu mstari, na ukisimama ukakitazama kwa juu unafunguka tena. Huu ni mwezi wa pili sasa, na jana niliandika: "Ukingo wa mbali bado una kona."