Ukitaka Kuipenda Romeo na Juliet, Fuata Barua

Kila mwaka hapa Mwanza hakosi kijana wa kuniuliza aanzie wapi na Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare. Wengine ni wanafunzi wa chuo kikuu pale Malimbe, wengine wameona filamu tu wakalia, sasa wanataka kujua maneno yenyewe yakoje. Nimeipenda tamthilia hii tangu nikiwa msichana wa sekondari, nimekua nayo, nimezaa na kulea nikiwa nayo, na hadi leo moyo hunienda mbio nikifika pale Juliet anapokishika kichupa cha dawa peke yake chumbani. Kwa hiyo jibu langu huwa refu.

Usianze na dirisha. Najua ndiyo picha anayoijua kila mtu: binti yuko juu, kijana yuko bustanini, mwezi unaangaza. Ukianzia hapo utakutana na watu wawili wanaosema maneno mazuri, na utafunga kitabu ukidhani umemaliza kazi. Anza na mtumishi asiyejua kusoma.

Mzee Capulet, baba yake Juliet, anaandaa karamu. Anampa mtumishi wake orodha ya wageni akawaalike, na mtumishi hajui hata herufi moja. Anahangaika mitaani Verona, mji wa Italia, akitafuta wa kumsomea, na anayekutana naye ni Romeo, mtoto wa Montague, ukoo ambao mabwana zake wanauwinda kwa panga. Romeo anamsomea. Katikati ya orodha analiona jina la Rosaline, msichana anayemlilia siku zile, na Benvolio, binamu yake, anamshawishi waende karamuni bila kualikwa. Basi. Bila karatasi ile kuangukia mikono isiyo yake, Romeo na Juliet wasingeonana.

Tangu nilipoliona hilo, naisoma tamthilia nzima kwa kufuata habari: nani anajua nini, nani ametumwa kwa nani, nani hajaambiwa. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, hata kama ni mara yako ya kwanza. Tybalt anaandika barua ya kumtaka Romeo wapigane. Inafika nyumbani kwa kina Montague, lakini Romeo hakulala nyumbani usiku ule, wala hatusikii popote kwamba aliisoma. Kwa hiyo anakutana na Tybalt barabarani akiwa ametoka kufunga ndoa ya siri, naye Tybalt ni binamu wa mke wake. Tybalt hajui kwamba anamtukana shemeji yake. Mercutio, rafiki wa Romeo, naye hajui. Anachokiona ni rafiki yake anatukanwa na hajibu, anadhani ni woga, anachomoa upanga yeye badala yake, na anakufa akizilaani nyumba zote mbili bila kujua ni kwa nini Romeo alikataa kupigana. Nimewahi kuona watu wazima wakisimama kwenye viti hapo kwa hasira, na hasira yao ilikuwa na haki. Sentensi moja tu ingeokoa roho mbili, yake na ya Tybalt ambaye Romeo anamuua kwa kulipiza, na mwenye kuijua hakuweza kuitamka.

Kisha inakuja barua kubwa kuliko zote. Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa, amempa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42 ili akwepe kuozwa kwa Paris, kijana anayetakiwa na baba yake, na amemwandikia Romeo, aliyefukuzwa mjini kwa kumuua Tybalt na sasa yuko mji wa Mantua, ili aje amchukue mkewe kaburini akiamka. Barua anakabidhiwa mtawa mwenzake, John. John anakwenda kumtafuta mtawa mwingine wa kusafiri naye, wanakutwa katika nyumba inayodhaniwa kuwa na tauni, wakaguzi wa afya wanafunga milango, na barua haitoki. Wakati huo huo Balthasar, mtumishi wa Romeo, ameona mazishi kwa macho yake na amekimbia na habari: Juliet amekufa. Habari ya uongo ikapata farasi, ya kweli ikafungiwa ndani. Waliokwenda kuitazama tamthilia hii London miaka ile hawakuhitaji kuelezwa mlango uliofungwa na tauni unafananaje, maana majumba yao ya maigizo yenyewe yalikuwa yamefungwa kwa muda mrefu kati ya 1592 na 1594 kwa sababu hiyo. Kitabu chenyewe kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1597.

Tulipoisoma sehemu hii kwangu Kirumba, uani, mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni aliuliza swali ambalo sijalisoma kwa mhakiki yeyote likiulizwa kwa uchungu ule: "Sasa huyo padri, jambo zito namna hiyo, mbona hakwenda mwenyewe?" Tulikaa na swali hilo jioni nzima. Padri ni mwema, anataka ndoa hii ipatanishe koo mbili, na bado kila mara hatari inapokaribia yeye anapanga, anatuma, anasubiri. Hata mwisho, Juliet anapoamka kaburini na Romeo ameshalala maiti pembeni yake, padri anasikia kelele za walinzi anakimbia. Anamwacha mtoto mle ndani. Nenda kaisome ukiwa na swali la yule mama kichwani.

Chukua pia penseli, uandike siku pembeni mwa kurasa. Jumapili asubuhi watumishi wanapigana mitaani. Usiku ni karamu. Jumatatu mchana ndoa, na kabla jua halijazama Mercutio na Tybalt wamekufa. Alhamisi alfajiri wote wako makaburini. Kisa hiki Shakespeare hakukitunga mwanzo. Alikikuta kwenye utenzi wa Kiingereza wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, na humo mambo yanachukua miezi. Brooke katika dibaji yake anawakemea wapenzi wale kwa kutowasikiliza wazazi. Shakespeare aliibana miezi ile ikawa siku hizi chache, akauacha ule ukali. Ukishaziandika siku, utaona hakuna mtu katika Verona aliyepata usiku wa kulala akafikiri. Harusi na Paris inapangwa Alhamisi, halafu Capulet kwa furaha tu anairudisha nyuma iwe Jumatano, na siku hiyo moja iliyopotea inaikaba barua ya padri zaidi.

Hapo kwa Capulet ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi siku hizi.

Mara ya kwanza Paris anapomposa Juliet, baba anajibu kama mzazi. Mtoto bado mdogo, anasema, acha majira mawili ya kiangazi yapite. Anaongeza kwamba ardhi imemeza matumaini yake yote isipokuwa huyu mmoja. Juliet hajafikisha miaka 14. Brooke alimpa 16, Shakespeare akampunguzia. Siku chache baadaye baba huyo huyo, nyumba ikiwa na msiba wa Tybalt, anamwambia binti aliyekataa kuolewa kwamba akajinyonge, akaombe, akafe njaa barabarani, hatamtambua kamwe. Mama anageuza uso na kusema amemalizana naye. Yaya, aliyempeleka kwa mumewe na kumfungulia njia, anamshauri aolewe na Paris tu, maana Romeo hayupo. Katika ukurasa mmoja mtoto huyu anapoteza watu wazima watatu, na anayebaki ni yule padri mwenye dawa.

Wazazi wenzangu, msiipite haraka sehemu hii kwa kudhani ni mambo ya Ulaya ya zamani. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nikisoma maneno ya Capulet mbele ya mabinti, nawaambia wayasikilize hadi mwisho, na baadaye nawauliza: wewe ungemwendea nani? Taja jina la mtu mzima. Wengine wanataja shangazi, wengine bibi, mmoja alitaja mwalimu wake wa hesabu. Wasiokuwa na jina la kutaja nakaa nao pembeni kabla hawajaondoka, na nakuomba wewe unayewasomea watoto wako ufanye vivyo hivyo.

Yaya usimhukumu upesi, lakini. Alikuwa na binti yake, Susan, wa umri mmoja na Juliet, akafariki. Anamtaja mara moja tu, katikati ya porojo ndefu kuhusu tetemeko la ardhi na siku alipomwachisha Juliet ziwa, kisha anaendelea kucheka. Msomaji asiyesimama hapo hataelewa kwa nini mwanamke huyu angependelea Juliet aishi na mume yeyote kuliko afe na mmoja.

Kuhusu ugomvi wa koo zile mbili, ushauri wangu ni wa kwenda na miguu yako. Panda gari hadi Kisesa, uingie Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi wa sita wakati wa tamasha la Bulabo, ukaone vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, wakishindana. Pande zote mbili zinajua zilianzia wapi, kwa waasisi wao Ngika na Gumha, na ushindani wao una uwanja wake, madawa yake na utaratibu wake wa kuvuta umati. Simama katikati ya umati huo uone jinsi mtu ambaye hata hachezi anavyopandwa na jazba kwa ajili ya upande wake. Ukirudi, soma tena watumishi wale wa ukurasa wa kwanza wanaochokozana kwa ajili ya majina ya mabwana zao. Jazba ni ile ile. Kilichokosekana Verona ni uwanja, na hakuna hata mmoja ndani ya tamthilia anayesema ugomvi ulianza na nini.

Isome kwa sauti na uisome na watu. Maneno haya yaliandikwa kwa ajili ya vinywa vya waigizaji, na Juliet wa kwanza alikuwa mvulana, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa jukwaani London wakati ule. Kama Kiingereza chake kinakukwaza, anza na Shakespeare wa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapo mkoa jirani wa Mara, aliyetafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Soma kurasa kadhaa kwa sauti mpaka mapigo yake yakukae mdomoni, ndipo uhamie kwa Romeo. Pale karamuni anapomshika Juliet mkono kwa mara ya kwanza, tafuta wasomaji wawili na usiwaeleze kitu. Wakishamaliza waambie wahesabu mistari: kuna 14 yenye vina, shairi kamili walilolitunga watu wawili ambao hawajaambiana hata majina. Nimeona vijana wakinyamaza kabisa wakigundua hilo.

Na tafadhali usifunge kitabu Juliet anapojichoma kisu. Filamu nyingi hukatia karibu na hapo, na zinakata kitu kikubwa. Baada yake kuna mistari zaidi ya mia moja. Mtawala Escalus anaamuru kila mtu aseme anachokijua, na kwa mara ya kwanza habari zote zinawekwa mahali pamoja. Montague anafika akiwa ametoka kufiwa na mke wake usiku ule ule, kwa huzuni ya mwana kufukuzwa. Padri anasimulia yote. Kisha Balthasar anatoa barua: Romeo aliiandika kwa baba yake kabla hajaingia kaburini. Mtawala anaichukua, anaisoma, na anasema inathibitisha maneno ya padri. Hiyo ndiyo barua iliyofika. Mkisoma kwa zamu, aliyepewa sehemu ya Escalus asiiharakishe, na anayesoma Montague akae karibu naye.