Maswali ya wasomaji: filamu iliyochorwa kwa rangi ya mafuta

SWALI: Ndugu mhariri, nimetazama Chłopi (2023), filamu ya maisha ya wakulima wa Poland. Rafiki yangu anashikilia kwamba ni video ya kawaida iliyogeuzwa mchoro na kompyuta. Je, ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Amekosea, ila si kwa yote. Waigizaji walirekodiwa kwanza kwa kamera: Kamila Urzędowska ndiye msichana Jagna, Mirosław Baka ndiye mzee Boryna. Kisha wachoraji zaidi ya 100, katika studio za Poland, Serbia, Ukraine na Lithuania, wakaichora upya kwa rangi ya mafuta. Ni fremu (picha moja moja zinazounda filamu) kama 40,000, kila moja ikila saa 5 hivi kwa wastani. Mchoraji akimaliza fremu huipiga picha, hukwangua sehemu inayosogea, kisha huichora tena palepale. Hivyo shoti (kipande kimoja cha filamu kisichokatwa) ikiisha, kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, hubaki mchoro wa mwisho tu.

Gawanya 40,000 kwa dakika 114 za filamu: hupati hata michoro 6 kwa sekunde, michache kwa mwendo laini. Mwendo wa kati ya mchoro na mchoro ulijazwa na wahuishaji, yaani watengenezaji wa katuni, kwa kompyuta, wakifuata michoro hiyo.

Kinachochosha zaidi ni kamera inayotembea. Ikitulia, unachora mkono au kichwa. Ikizunguka, kama kwenye ngoma ya harusi ya Jagna, kuta, nyuso na sketi zote zinahama, na turubai zima linachorwa upya. Itazameni tena harusi hiyo, wewe na rafiki yako. Ni kazi ya kustahiwa mno. Nayo haikwenda shwari: Februari 2022 uvamizi wa Urusi uliikatiza studio ya Kyiv, na baadhi ya wachoraji wakahamia Poland kuendelea.

SWALI: Hadithi yenyewe imetoka wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni riwaya ya Władysław Reymont, iliyotoka kati ya 1904 na 1909 katika sehemu nne: vuli, kipupwe, masika na kiangazi cha Ulaya. Mwandishi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kijiji ni Lipce, na kiini cha ugomvi ni ardhi: nani atarithi shamba la Boryna. Ukitaka kujua macho ya wachoraji yalilelewa wapi, tafuta kazi za mchoraji wa Poland Józef Chełmoński, hasa mchoro wake Babie lato (1875).

SWALI: Najaribu kuchora mwenyewe shoti ya sekunde 5 kwa njia hii ya rangi ya mafuta, lakini picha inarukaruka na rangi inametameta. – Msomaji, Arusha

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Picha ikiruka, kamera au turubai limesogea; vifunge vyote viwili visicheze hata kidogo. Rangi ikimetameta, ziba madirisha, tumia taa za umeme pekee, na uzime mipangilio yote ya kamera inayojirekebisha yenyewe. Rangi mbichi hung'aa, kwa hiyo weka taa mbili ubavuni, nyuzi 45 kila upande.

Changanya rangi ya shoti nzima kabla ya kuanza na uiweke kwenye vikopo vyenye vifuniko. Ukichanganya nyingine katikati ya kazi, huipati tena ile ya mwanzo, na jicho litaona. Tone la mafuta ya karafuu kwa rangi ya ujazo wa kijiko cha chai huchelewesha kukauka. Ukizidisha, rangi hubaki laini siku nyingi.

Chora mandhari kwanza, kwa rangi nyembamba, iache ikauke kabisa ndipo umchore mtu juu yake. Hapo utampangusa kwa kitambaa bila kuharibu cha chini. Usitumie tapentaini nyingi, italainisha mandhari.

Kwa kuanzia, michoro 6 kwa sekunde yatosha: jumla 30, kila mmoja ukionyeshwa kwa fremu 4 katika video ya fremu 24 kwa sekunde. Na kabla hujagusa brashi, piga picha 10 za turubai tupu, uzicheze mfululizo. Zikimetameta, kosa liko kwenye taa au kamera, si mkononi mwako.