Kushusha injini ya tabo nyumbani: gia boksi nayo itoke?

Kaka, gia boksi iache palepale. Kwa Subaru Impreza WRX ya 2002 kama yako, yenye injini ya EJ20 na gia tano za mkono, injini inatoka peke yake kwa juu; ukiwa na cheni bloku na boriti imara, nyumbani inawezekana. Toa intakula (kipoza hewa ya tabo), rejeta na feni zake upate nafasi, kisha fungua bomba la ekzosi kwenye tabo. Kompresa ya AC na pampu ya stelingi zisogeze pembeni na mipira yake, usipoteze gesi bure.

Sasa penye kutesa watu: klachi yake ni ya kuvutwa, yaani beringi imeng'ang'ania preshapleti (sahani inayobana klachi kwenye injini). Usipoachia uma wa klachi, ule mkono unaovuta beringi, injini itakwama na utabaki kutafuta bolti uliyoisahau. Ubavuni mwa gia boksi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa alenki namba 10. Kifungue, ingiza bolti ya milimita 6 kwenye pini ya uma iliyo ndani, ivute itoke na pini, uma utalegea. Mimi nilihangaika nusu siku kabla sijakiona, kilijaa matope! Na gia boksi iwekee jeki chini kabla injini haijaachana nayo.