Kukabidhiana Watoto: Kwa Wewe Unayeanza Kusimamia Kesi

Nimefanya kazi hii ya kusimamia kesi za watoto wanaolelewa nje ya kwao, hapa Mombasa, nikiwa pande zote mbili. Nimekabidhi kesi za shirika kwa serikali, na baadaye nikapokea kesi za serikali nikiwa shirikani. Wewe unayeanza, utafundishwa kujaza fomu, kuandika mpango wa malezi na kuingiza taarifa kwenye mfumo. Sidhani utafundishwa siku ya makabidhiano, yaani siku kesi ya mtoto inapotoka kwa msimamizi mmoja kwenda kwa mwingine, na hiyo ndiyo siku niliyoona watoto wakiumia zaidi.

Kwanza neno lenyewe. Maandishi ya kazi yanasema "malezi ya kambo", yaani mtoto kulelewa kwa muda na mtu asiye mzazi wake. Ukibisha hodi mitaa kama Majengo au Mtopanga ukaanza na neno hilo, watu watafikiria baba wa kambo na visa vyake. Mlangoni sema "mlezi", inatosha.

Pili, jua nani ana mamlaka. Hapa Kenya kumweka mtoto kwa mlezi au kumwondoa ni jambo la serikali na mahakama. Kwetu Mombasa ni afisa wa watoto na mahakama ya watoto ya Tononoka. Shirika huingia kufanya kazi ya miguu: kwenda nyumbani, kufuatilia shule, kuuliza dawa, kuandika. Kwa hiyo mkataba wa shirika ukiisha, mamlaka hayaendi popote. Kinachoondoka ni miguu. Nalisema hili kwa sababu kwenye mikutano utasikia "kesi zimerudi serikalini" kana kwamba kazi imekwisha, na wiki hiyo hiyo hakuna aliyefika nyumbani kwa mtoto hata mmoja.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, mradi uliokuwa ukitulipa ulisimama kwa barua moja. Tulipewa siku chache za kupeleka mafaili, na barua ilikataza kazi nyingine yoyote. Nilikaa usiku nikijaza fomu za makabidhiano, ukurasa mmoja kwa kila mtoto.

Mmoja alikuwa mvulana wa miaka minane aliyelelewa na bibi mmoja wa Mtopanga. Nilimwandikia hivi: "Anaendelea vizuri shuleni. Hana tatizo la tabia." Hakuna neno la uongo hapo. Nisichoandika ni kwamba kila akimwona mgeni mwenye faili alikuwa anaingia ndani, anavaa viatu vya shule, anabeba begi lake na kuja kusimama mlangoni. Hasemi kitu. Mara mbili katika maisha yake mgeni mwenye faili ndiye aliyemwondoa mahali. Mimi nilishamzoea. Faili nilikuwa naliacha mkobani, naketi mkekani, naomba maji ya kunywa, na baada ya robo saa yeye mwenyewe alikuwa anavua viatu.

Afisa aliyepokea kesi alikwenda peke yake, faili mkononi, kama ambavyo mtu yeyote angekwenda. Mtoto akatoroka kwa mlango wa uani. Vijana wa boda boda walimkuta Kongowea karibu na soko, magharibi imeshaadhiniwa. Alikuwa mzima, alhamdulillahi. Bibi alinipigia usiku ule.

"Mwanangu, mbona hukuniambia kwamba hurudi tena?"

Hakuna fomu yenye nafasi ya viatu. Basi iandike wewe. Tangu siku ile kila faili langu lina karatasi moja ya mkono, nyuma kabisa: mtoto anaitwa nani nyumbani, analala na nani, anaogopa nini, jirani gani anamwamini, simu ya mlezi inakaa kwa nani mchana. Kama ana selimundu, usiishie kuandika "selimundu". Andika kliniki ni siku gani, kadi iko kwa nani, maumivu yakianza huwa yanaanza wapi, na mlezi hupanda matatu ngapi kufika. Andika leo, mkataba ukiwa bado hai, maana barua ya kusimamisha haikusubiri mtu amalize kuandika. Na karatasi hiyo ni siri ya mtoto kama faili lenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuruhusu kubaki na nakala kwenye kompyuta yako ya nyumbani eti kwa sababu unampenda. Kabidhi, pata sahihi, futa.

Miezi kadhaa baadaye nilipata kazi kwingine, na safari hii kesi 13 zilikuja kwetu kutoka afisi ya serikali. Nilimwomba afisa wa watoto twende pamoja. Alikubali mara moja, ila gari la afisi halikuwa na mafuta, tukapanda tuktuk. Ziara ya kwanza alizungumza yeye, mimi nikanyamaza. Katika nyumba moja ya Likoni msichana mdogo aliuliza, "Anti, huyu amekuja kunichukua?" Afisa akajibu mbele ya mlezi, "La. Atakuwa akija yeye badala yangu, na wewe utakaa hapa hapa." Ziara ya pili nilizungumza mimi, yeye akiwa kando. Ya tatu nikaenda peke yangu, bila faili. Ni ziara tatu kwa kila nyumba, nyumba 13, na foleni ya feri juu yake. Wakubwa wataona ni anasa. Zipiganie.

Sasa pesa, maana hapa wageni hawaulizi. Kabla hujasifu au kulaani mpango wowote wa kupeleka kazi kwa wakandarasi, uliza mkandarasi analipwa kwa kitu gani. Jimbo la Kansas kule Marekani lilianza kubinafsisha huduma za watoto mwaka 1996, na mwaka 1997 malezi ya kambo yakawa mikononi mwa wakandarasi. Mwanzoni walilipwa mkupuo mmoja kwa kila mtoto, akae muda mfupi au mrefu. Wakapata hasara, na mwaka 2000 malipo yakageuzwa kuwa ya kila mwezi. Yatafakari hayo mawili. Mkupuo unamharakisha mkandarasi kumrudisha mtoto kwao, pengine nyumba haijawa tayari. Malipo ya mwezi hayamharakishi hata kidogo.

Nebraska nayo ilitoa kazi hiyo kwa mashirika kadhaa mwaka 2009, na kufikia 2012 lilibaki moja tu, eneo la Omaha. Mwaka 2019 kandarasi ya Omaha ilipewa shirika lingine lililotaja bei ya chini mno kuliko mshindani wake. Sheria ya jimbo ilitaka mfanyakazi awe na kesi kati ya 12 na 17. Kwa bei ile haikuwezekana, na mwishoni mwa 2021 serikali ikaamua kukatisha mkataba, kesi zikarudi kwake mwaka uliofuata. Kuna mtoto pale aliyebadilishiwa msimamizi mara ngapi sijui, lakini kila mara kuna mtu alibisha hodi akiwa na faili.

Kwetu wakandarasi wa namna hiyo hawapo, ila mantiki ni ile ile. Makao mengi ya watoto yaliendeshwa kwa pesa za wafadhili zilizofuata idadi ya watoto waliomo ndani. Serikali ilisitisha kusajili makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Ni mpango mzuri na ninauamini. Lakini maana yake kwako ni makabidhiano juu ya makabidhiano, na makao yanayokukabidhi mtoto yanapoteza pesa kwa kufanya hivyo. Usishangae faili likichelewa. Nenda mwenyewe ukae na mama mlezi wa makao, yule anayewaogesha. Anajua mengi kuliko meneja.

Jambo la Pwani hasa: familia nyingi za Kiislamu zitampokea mtoto kwa moyo mmoja, lakini hazitakubali abadilishiwe nasaba. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, malezi ya Kiislamu ambayo mtoto hutunzwa bila kubadilishiwa nasaba. Nimeona mradi uliotoka nje ya mkoa ukiwasukuma walezi hao kwenye fomu za kuasili kwa sababu ndizo zilizohesabika kwenye ripoti. Ukiona hivyo sema, hata kama wewe ndiye mgeni kuliko wote chumbani.

Mwisho nauli. Shirika lilikuwa likimlipa mlezi nauli ya kliniki. Mkataba ulipokatika, nauli ilikatika siku hiyo hiyo, na hakuna aliyeiandika kwenye fomu kama kitu kinachokabidhiwa. Watoto wawili wa kesi zangu walikosa kliniki kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo ukikaa kwenye kikao cha kuandika bajeti ya mradi, hata kama umeitwa kuandika kumbukumbu tu, omba mstari wa mwezi wa kufunga: nauli ya walezi, tuktuk ya ziara tatu, mshahara wa msimamizi anayeondoka mpaka ziara ya mwisho ifanyike. Pesa hizo zitengwe tangu mwezi wa kwanza. Na kila mlezi abaki na namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, imeandikwa mahali mtoto mwenyewe anaweza kuifikia. Yule bibi wa Mtopanga aliiandika kwa makaa ukutani, juu kidogo ya mtungi wa maji.