Filta ya ND kwa mashindano ya punda na mashua: anza na shata, filta itafuata

Ndugu mwenye uzi, salamu kutoka Amu, mji wa Lamu. Umesema ulirekodi mashindano ya punda kwa GoPro mchana wa jua kali, picha ikatoka safi lakini punda wanaonekana kurukaruka, hawatiririki kama kwenye sinema. Rafiki yako kakushauri ununue filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, na dukani umekuta pakiti yenye ND8, ND16, ND32 na ND64. Waliojibu hapo juu wamekwambia uchukue iliyo nyeusi zaidi kwa sababu jua la pwani ni kali. Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, harusi, mashua na matangazo ya nyumba za wageni, na jibu hilo silikubali. Ukali wa jua ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni kasi ya shata unayoitaka, yaani muda, kwa sehemu za sekunde, ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, na kasi hiyo hutegemea kinachokwenda mbele ya lenzi na mahali kamera iliposhikizwa.

Kwanza elewa kwa nini punda wako wanarukaruka. Tundu la lenzi kwenye GoPro nyingi halifungi wala halifunguki, liko karibu f/2.8 siku zote. ISO nayo, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikishafika 100 haishuki tena. Mwanga ukizidi, kamera imebakiwa na njia moja tu, kukimbiza shata. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni nzuri ya jua kali: ukiwa na tundu dogo la f/16, kasi ya shata ni moja chini ya ISO, yaani 1/100 kwa ISO 100. Kutoka f/16 hadi f/2.8 ni stopu tano, na kila stopu huongeza mwanga maradufu, kwa hiyo mwanga umekuwa mara 32. Shata inalazimika kwenda 1/3200. Sasa kama unarekodi fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazounda sekunde moja ya video, katika muda wa kila fremu kamera imeona sehemu moja tu kati ya 128. Mguu wa punda umenaswa ukiwa juu, fremu inayofuata umenaswa uko chini, na safari yote ya katikati haikurekodiwa. Jicho linaikosa safari hiyo, ndipo unaona kurukaruka.

Kamera za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka, nusu yake wazi, ndiyo nyuzi 180 unazozisikia watu wakizitaja. Shata inakuwa wazi nusu ya muda wa fremu. Kwa fremu 25 hiyo ni 1/50. Umeme wetu Kenya ni hezi 50, kwa hiyo fremu 25 na shata ya 1/50 hukuepusha pia na taa zinazopepesa unaporekodi harusi usiku. Kwenye menyu ya GoPro chagua 50 kwenye sehemu ya kuzuia kupepesa, utapata fremu 25, 50 na 100.

Hesabu ya filta ni nyepesi ukishafika hapo. ND64 hupitisha sehemu moja ya mwanga kati ya 64, ND32 moja kati ya 32, na kadhalika. Kamera inataka 1/3200, wewe unataka 1/50: gawa 3200 kwa 50, unapata 64. Hiyo ndiyo filta yako. Ukikutana na filta zilizoandikwa 0.9, 1.2, 1.5 au 1.8, ni hizohizo ND8, ND16, ND32 na ND64 kwa mpangilio huo, kila 0.3 ni stopu moja. Pale ufuko wa Shela mchanga ni mweupe na maji yanarudisha mwanga, saa sita mchana unaweza kuhitaji stopu moja zaidi.

Hapa ndipo wengi wanaishia, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu 1/50 inaweza kukuharibia video kuliko hiyo 1/3200.

GoPro hutuliza mtikisiko kwa hesabu. Inapima jinsi ilivyotikisika, halafu inasogeza kila fremu upande wa pili ili picha ikae mahali pamoja. Lakini ule ukungu wa mtikisiko ulioingia ndani ya fremu shata ilipokuwa wazi, kamera haiwezi kuutoa. Ukimfunga mpanda punda kamera kifuani ukarekodi kwa 1/50, utapata picha iliyotulia huku ndani yake ukungu unakuja na kuondoka kila punda anapokanyaga. Haivumiliki kuitazama. Kwa kamera ya kifuani, ya kichwani, au ya mtu anayekimbia nayo mkononi, mimi huweka 1/100, na punda wakipita karibu sana naenda hadi 1/200. Kanuni ya nyuzi 180 imevunjwa, ndiyo, na video inapendeza zaidi. Filta ya 1/100 ni ND32, ya 1/200 ni ND16.

Tazama pia mwelekeo. Punda anayekatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia hutoa ukungu mwingi. Anayekuja moja kwa moja kwenye lenzi hutoa kidogo mno, kwa hiyo ukiwa umesimama imara mwisho wa njia pale ufukoni, 1/50 ni tamu kabisa.

Mashua ndiyo raha yake, na naomba usiishie kwenye punda. Funga kamera kwa kibano kwenye mlingoti au kwenye ubao ule wanaokalia mabaharia upande wa upepo. Kamera na chombo vinakwenda pamoja, kwa hiyo nahodha, kamba na foromali vinabaki wazi, na maji peke yake ndiyo yanayopita yakiwa yamevutika. Hapo 1/50 na ND64 ni mahali pake hasa, sijaona mpangilio mwingine unaoonyesha mwendo wa mashua vizuri hivyo. Ukifuata mashindano kwa boti ya injini mambo yanabadilika: injini inatetemesha kila kitu, rudi 1/100, shika kamera mkononi, kunja magoti, usiegemee ubavu wa boti.

Mashua inapobisha, tanga linageuka na kivuli chake kinaifunika kamera ghafla. Ukiwa umefunga shata na ISO zote mbili zisibadilike, picha inazama gizani. Funga shata tu, ISO iache itembee kati ya 100 na 400. Hizo ni stopu mbili za nafasi, zinatosha kivuli cha tanga. Shusha mwangaza kwa nusu stopu pia, maana tanga jeupe na kanzu zikishaungua kwa mwanga hakuna programu ya kuzirudisha. Weupe (white balance) uwe umefungwa kwenye kelvini 5500 ili rangi ya bahari isibadilike katikati ya klipu, na ukali wa picha uweke chini.

Kwa mwendo wa polepole wa fremu 100, nusu ya muda ni 1/200, kwa hiyo ND16 inatosha. Ukiiacha ND64 juu, kamera itapandisha ISO stopu mbili bure na chembe zitaonekana kwenye anga.

Vichochoro vya mji vina hesabu yake. Kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, mwanga unashuka stopu kadhaa ukitoka tu ufukoni. Huko ndani vua filta. Usijaribu kumfuata punda kutoka juani hadi kichochoroni kwa klipu moja, kata hapo kisha uanze upya. Jioni vilevile: kuanzia saa kumi na moja shuka ND16, kisha ND8, na magharibi ikikaribia usiwe na filta yoyote.

Filta za kuzungusha, zile zinazobadilika weusi, siziwezi kwa kazi hii. Ndani yake ni polaraiza mbili, vioo vinavyochuja mwanga kwa mwelekeo wa mawimbi yake, na kwenye lenzi pana kama ya GoPro ukizungusha sana hutokea alama nyeusi ya msalaba angani. Halafu polaraiza hubadilisha mng'ao wa maji kila chombo kinapogeuka, na mashua haiachi kugeuka. Kwa kamera kubwa yenye lenzi ndefu juu ya gati, sawa.

Chumvi. Filta ikirushiwa maji ya bahari usiipanguse kwa shati, chumvi ikikauka inakwaruza kioo. Mwagia maji matamu kwanza, ndipo upanguse. Na filta uibadilishe ukiwa nchi kavu, si katikati ya mkondo.

Kama mfuko unaruhusu pakiti nzima, nunua pakiti. Kama ni moja tu, chukua ND32, kwa sababu kazi yako wewe ni punda, na 1/100 ndiyo utakayoitumia mara nyingi. Kabla ya mashindano yajayo mwombe mtu akimbie mbele yako ufukoni kwa 1/50, 1/100 na 1/200, uzitazame kwenye kompyuta wala si kwenye kioo kidogo cha kamera. Pandisha klipu hapa uandike na kasi ya shata na filta uliyoweka, nitazipitia.